Namna ya kukagua fimbo ya karpi ya bei ya kati kabla hujaondoka nayo dukani Nairobi

Fimbo nyingi za kuvulia samaki aina ya karpi zinazouzwa Nairobi hazikuundwa kwa ajili yako. Ziliundwa kwa ajili ya mvuvi wa Uingereza au Ufaransa anayekesha ukingoni mwa bwawa, fimbo tatu mbele yake, akirusha chambo mita 100 na zaidi. Wewe utavua Naivasha ukiwa ndani ya boti, au bwawa la Masinga ukiwa umesimama ufukweni, au kwenye kibwawa cha shamba kule Limuru ambacho mtoto akirusha jiwe linatua ng'ambo. Fimbo inayosifiwa kule yaweza kukutesa huku, na ile ambayo muuzaji anakwambia "hiyo ni laini sana, boss, ni ya watoto" huenda ndiyo inayokufaa.

Ninaposema bei ya kati nazungumzia fimbo ya kama shilingi 10,000 hadi 20,000, bila rili (kigurudumu cha kuzungushia uzi). Chini ya hapo mara nyingi unauziwa fimbo ya nyuzi za glasi iliyopakwa rangi nyeusi ifanane na kaboni. Juu ya hapo unalipia wepesi na jina. Katikati ndipo penye mtego, kwa sababu fimbo mbili za bei moja huning'inia ukutani pamoja, moja imetengenezwa vizuri na nyingine imevishwa vizuri. Hatua zifuatazo ni za kuzitenganisha.

Hatua ya 1: Anza na maji, si na fimbo

Karpi walianza kuonekana Ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia 2010 wao ndio waliokuwa wakijaza nyavu kuliko samaki mwingine yeyote. Kabla yao ziwa lilikuwa la tilapia na la basi mdomo-mpana, samaki aliyeletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na wavuvi wengi wa mchezo bado wana fimbo fupi za kurushia chambo bandia za enzi hizo. Kwa karpi hazitoshi. Huyu ni samaki wa chini, mzito, mwenye mdomo wa nyama laini usio na meno (meno yake yako kooni), na akishanaswa halipuki juu ya maji. Anainamisha kichwa na kukokota kuelekea kwenye mafunjo. Ukimzuia kwa fimbo ngumu akiwa mita tano kutoka kwenye boti, ndoana inachana mdomo na unabaki na uzi uliolegea.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni fimbo inayopinda mpaka karibu na mpini, yenye nguvu ya akiba kule chini. Kwa boti na mabwawa madogo, mimi ningechukua futi 10 yenye kipimo cha ratili 2.75 (maana ya kipimo hiki iko hatua ya 2). Kwa Masinga, ukiwa nchi kavu na unataka kufika mbali kidogo, futi 12 ya ratili 3. Ratili 3.5 waachie wenye maziwa yao.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozo wa Ulaya haukwambii: utaibebaje? Fimbo ya futi 12 ya vipande viwili hukunjika ikabaki karibu mita 1.9. Ndani ya matatu ya Nyamakima kwenda Naivasha, kondakta ataitazama hiyo fimbo kabla hajakutazama wewe, na huenda akaidai nauli yake. Juu ya bodaboda ndiyo usijaribu kabisa. Futi 10 hubaki mita moja na nusu na ushee, inasimama kati ya magoti. Zipo pia za vipande vitatu, na si mbaya kama watu wanavyosema, mradi viungo vyote viwili vipite ukaguzi wa hatua ya 4. Za kuchomoana kama antena ya redio siwezi kukushauri kwa karpi. Pete zake, zile zinazopitisha uzi, hukaa mwishoni mwa kila kipande tu, na viungo vyake huchoka mapema.

Hatua ya 2: Soma namba, kisha uzidharau kidogo

Juu ya mpini kumeandikwa urefu na kipimo, kwa mfano 12ft 3lb. Ile ratili 3 si uzito wa samaki. Ni nguvu inayohitajika kuivuta ncha mpaka ielekee nyuzi 90 kutoka kwenye mpini. Hesabu hiyo ilienezwa na Richard Walker, mvuvi wa Kiingereza ambaye mwaka 1952 alimtoa karpi wa ratili 44 katika bwawa la Redmire kwa fimbo ya mwanzi uliochanwa na kugandishwa upya. Fimbo yake ilikuwa na kipimo cha ratili 1.5 tu. Ikumbuke hiyo siku muuzaji atakapokwambia ratili 2.75 haiwezi samaki mkubwa.

Kutokana na kipimo hicho unapata mambo mawili ya kazi. La kwanza ni uzito wa kurusha: kila ratili moja ya kipimo hubeba takriban wakia moja. Fimbo ya 2.75 inafurahia gramu 78 hivi, ya 3 gramu 85, ya 3.5 karibu gramu 100. La pili ni uzi: zidisha kipimo kwa tano upate nguvu ya uzi inayoendana nayo. Ya 2.75 inakupeleka kwenye uzi wa ratili 12 hadi 15, ya 3 kwenye ratili 15.

Maandishi mengine ni ya kupamba zaidi ya kupima. IM6, IM7 na IM8 yalianza kama majina ya nyuzi za kaboni za kampuni ya Hercules, ambazo baadaye zilichukuliwa na Hexcel. Si madaraja ya ubora yanayosimamiwa na mtu yeyote, na kiwanda chochote kinaweza kuyachapa. 3K maana yake kila uzi uliofumwa una nyuzinyuzi 3,000, na ile sura ya mkeka unayoiona nje mara nyingi ni tabaka la juu tu. Tani 24, 30 au 40 ni ugumu wa kaboni. Namba kubwa huleta fimbo nyepesi na kali, lakini pia inayovunjika upesi ikigongwa kwenye ukingo wa boti. Na boti zetu hazina mito.

Hatua ya 3: Beba vitu vyako

Nenda dukani na rili yako iliyojaa uzi, vijiti vya pamba vya masikioni, na simu yenye chaji. Kama huna rili bado, azima. Fimbo isiyo na rili hujaishika.

Nenda asubuhi katikati ya wiki. Jumamosi saa sita, kaunta imejaa na mhudumu ana haraka, hakuna atakayekupa nafasi ya kuunga fimbo ya mita tatu na nusu katikati ya duka. Ongea naye vizuri tu: "Kaka, naomba niiunge, nipitishe uzi niipinde kidogo, nikiridhika nalipa." Akikataa usipitishe uzi, usigombane. Shukuru utoke.

Hatua ya 4: Unyoofu na kiungo

Unga fimbo, iinue kwenye jicho, uitazame kutoka kwenye mpini kuelekea nchani huku ukiizungusha taratibu. Kushuka kidogo kwa ncha kwa uzito wake mwenyewe ni kawaida. Ikipinda upande mmoja, na ule upindo ukazunguka pamoja na fimbo, hiyo ilianikwa vibaya kiwandani au ilikaa imeegeshwa ukutani muda mrefu. Iache. Hapo hapo tazama kama pete zimesimama mstari mmoja. Pete moja ikiwa imekaa kombo, uliza kama ni kiungo hakikugeuzwa sawasawa. Kama imefungwa kombo kwa uzi na gundi, huwezi kuinyoosha.

Kiungo ndicho sehemu ambayo bei ya kati hutofautiana zaidi, kwa hiyo usikimbie. Kuna aina mbili. Katika ya kwanza kipande cha juu huvaa juu ya cha chini kama kifuniko. Katika ya pili kuna kijiti kinachotoka kipande kimoja na kuingia kingine. Hii ya pili inapaswa kubakiza pengo dogo, kama milimita tano hadi kumi, ili iendelee kukaza kadiri inavyolika. Ukikuta pengo limekwisha kwenye fimbo mpya, baada ya msimu mmoja italegea. Ile ya kuvaa inatakiwa iingie kwa ukinzani unaoongezeka taratibu hadi ikome yenyewe. Isiteleze kisha igonge ghafla, na isihitaji kukamuliwa kama nguo.

Ukishaunga, shika fimbo chini kidogo ya kiungo, weka kidole cha shahada juu ya mshono, tikisa mara mbili tatu. Unatafuta mgongano mdogo, "tok", unaousikia kidoleni kabla ya sikioni. Ukiwepo, kiungo hakikai. Kisha chomoa na uangalie mdomo wa kipande cha juu. Lazima uwe umezungushiwa uzi mwembamba na gundi kwa sentimita mbili tatu hivi. Mdomo usiofungwa hupasuka kwa urefu, na ufa wa namna hiyo huanza mdogo kama unywele.

Hatua ya 5: Pete

Chukua kijiti cha pamba, kizungushe ndani ya kila pete, moja moja, ukianzia nchani. Pamba ikinasa hata nyuzi mbili, kuna ufa au ncha kali, na hiyo pete itakula uzi wako wa ratili 15 siku ya samaki mkubwa. Kagua pete ya ncha mara mbili, kwa sababu ndiyo hugongwa wakati fimbo zinapopangwa na kupanguliwa dukani.

Kama pete za ndani ni kabidi ya silikoni halisi au kauri ya kawaida, kwa macho huwezi kujua, hata maandishi yakisemaje. Kwa uzi wa nailoni kauri ya kawaida inatosha. Ukitumia uzi wa kusuka, angalia zaidi. Pete ya kwanza kutoka kwenye rili ikiwa milimita 50 imekusudiwa rili kubwa za kurusha mbali. Kwa rili ya wastani kwenye fimbo ya futi 10, ya milimita 40 inafanya kazi hiyo hiyo na haikwami kwenye kila kitu ndani ya boti.

Miguu ya pete iminye kidogo kwa vidole kulia na kushoto. Isicheze. Gundi iliyojaa mapovu au iliyovimba upande mmoja haiui fimbo, ila inakuonyesha haraka ya aliyeifunga, na mtu mwenye haraka hakuishia kwenye gundi.

Hatua ya 6: Rili, mpini na mkono wako

Funga rili, kaza kwa mkono wa kawaida, halafu jaribu kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza, angalia kama ni mguu wa rili ulio mwembamba au kiti chenyewe. Zungusha skrubu yote hadi mwisho na kurudi. Ikikwaruza sasa, itakwama ikiingia mchanga.

Mpini wa sponji ngumu au wa plastiki iliyobana, vyote sawa. Loweka kiganja kwa maji ya kunywa ushike kama unavyorusha. Ukiteleza dukani utateleza zaidi ukiwa na ute wa samaki.

Hatua ya 7: Pinda

Usiruhusu mtu yeyote, hata muuzaji, ashike ncha kwa mkono na kuivuta chini. Ncha ya kaboni inayopindwa kwa vidole inabeba mzigo mahali pamoja na huvunjika papo hapo, kisha mnaanza kuulizana nani alipe. Pitisha uzi kwenye pete zote, mwenzako ashike mwisho wa uzi, kaza breki ya rili, nawe uinue fimbo polepole mpaka mpini uwe nyuzi 45 hivi. Usiisimamishe wima kabisa. Fimbo ikisimama wima uzi unaivuta ncha peke yake.

Sasa tazama mkunjo. Uwe mstari mmoja unaozidi kujikunja kuelekea nchani bila kukatika. Mahali pa kuangalia ni pale kwenye kiungo: ukiona sehemu iliyonyooka kama rula halafu mkunjo unaendelea baada yake, kiungo ni kigumu mno na fimbo inafanya kazi kama vipande viwili. Fuata pia uzi kati ya pete na pete. Ukiwa na kona kali kwenye pete, ujue pete ni chache kuliko mkunjo unavyotaka. Mwombe mtu mwingine apige picha kutoka ubavuni. Fanya hivyo kwa kila fimbo unayoilinganisha, kwa pembe ile ile, kisha ziweke picha bega kwa bega. Hapo utaona fimbo mbili zilizoandikwa ratili 3, moja ikipinda theluthi ya juu tu, nyingine ikiingia hadi karibu na rili. Kwa boti, chukua hiyo ya pili.

Mwisho, legeza uzi na uitikise ncha mara moja kama unayepunga. Hesabu inavyotulia. Nzuri hutulia mara moja. Inayoendelea kutetemeka ina kaboni kidogo na gundi nyingi.

Hatua ya 8: Kipimo cha chupa, nyumbani

Kabla ya kulipa, kubaliana kwamba unaweza kuirudisha ndani ya siku kadhaa ikiwa haijavuliwa, na yaandikwe kwenye risiti. Neno la mdomo husahaulika mhudumu akibadilishwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi na kinahitaji roshani ya ghorofa ya kwanza kwenda juu, kwa sababu ncha ya fimbo ya futi 12 itashuka zaidi ya mita mbili. Angalia kwanza chini hakuna watoto wala kamba ya nguo za jirani. Angalia pia nyaya za umeme. Kaboni hupitisha umeme, na mitaa yetu mingi nyaya zimepita usawa wa madirisha. Kama zipo karibu, nenda upande wa pili wa jengo au usifanye kabisa.

Funga mpini juu ya ukingo wa roshani kwa mipira ya tyubu, ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki, pande mbili, ulale mlalo. Pitisha uzi kwenye pete, ukaze rili, na kwenye mwisho wa uzi fungia chupa tupu ya soda ya lita mbili. Anza na lita moja ya maji. Iteremshe taratibu, tazama ncha. Ongeza robo kikombe, teremsha tena, hadi kipande cha mwisho cha ncha kielekee chini moja kwa moja. Kisha mimina maji kwenye jagi la kupimia. Lita moja ni kilo moja, chupa tupu ongeza gramu 50 hivi. Zidisha jumla ya kilo kwa 2.2 upate ratili.

Ratili 2.75 ni kilo 1.25. Ratili 3 ni kilo 1.36. Ratili 3.5 ni kilo 1.59. Fimbo iliyoandikwa 3 ikishuka kwa lita 1.2 pamoja na chupa, kwa kweli una fimbo ya 2.75. Tofauti ya robo ratili ningeivumilia, na kwa maji yetu huenda hata ni heri. Ikipita nusu, irudishe na picha.

Ukiwa hapo jikoni pima pia chambo chako. Hapa ndipo fimbo nyingi nzuri huuawa. Kikapu cha chambo cha gramu 40 ukikibandika ugali mgumu wa saizi ya ndimu kubwa, mzigo wote waweza kufika gramu 90. Kwenye fimbo ya 2.75 huo si mzigo wa kurusha kwa nguvu zote. Unausukuma kwa upole, au unapunguza ugali.

Hatua ya 9: Kurusha

Tafuta uwanja mpana usio na watu, asubuhi. Tumia chubwi peke yake bila ndoana, na mbele ya uzi wa kawaida funga kipande cha uzi mnene zaidi chenye urefu wa mara mbili na zaidi ya fimbo, kwa sababu chubwi ya gramu 80 ikikatika hewani ni risasi kweli. Anza na nusu ya nguvu. Fimbo iliyo sawa inakuambia mkononi inapojipinda na inapoachia. Ukihisi inachelewa, kisha chubwi inaondoka juu sana, umeizidishia uzito. Ukihisi ni ngumu kama ufito wa chuma na chubwi inaenda chini, haijapindika, ongeza gramu kumi. Pima kwa hatua zako. Mita 60 au 70 bila kuhangaika ni umbali wa kutosha kwa karibu kila mahali utakapovua karpi nchini.

Baada ya kurusha mara kumi hivi, simama ukague kiungo. Kikiwa kimejifungua hata kidogo, paka nta ya mshumaa kidogo, unga tena, rudia. Kikiendelea kujifungua, risiti bado unayo.

Ukishaamua kubaki nayo

Uliza kabla hujaondoka kama wanauza kipande cha juu peke yake. Mara nyingi jibu ni hapana, basi nunua pete ya ncha ya akiba ya saizi hiyo na kijiti cha gundi ya kuyeyusha. Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi kwa kiberiti.

Kwa leseni ya uvuvi wa mchezo nenda kwa Huduma ya Uvuvi ya Kenya, na Naivasha usivue karibu na mafunjo bila mwenye boti anayejua viboko wamelala wapi. Msimu wa mvua, ukisikia radi ya kwanza kutoka upande wa Mlima Longonot, laza fimbo chini ndani ya boti na umwambie nahodha arudi ufukweni, hata kama kengele ya rili ndiyo kwanza imelia.